Droni Juu ya Vichwa vya Wateja: Parachuti ya Dharura Inasaidia Wapi na Inaishia Wapi

Leo ni somo refu kidogo, tafuta sehemu ukae.

Siku hizi kila uzinduzi wa bidhaa, kila bazaar ya wikiendi, kila duka jipya linalofunguliwa, mwenye biashara anataka ile video ya kutoka juu. Na kweli inauza. Video ya droni inaonesha umati, inaonesha meza zako, inaonesha foleni, na mtu akiiona kwenye ukurasa wako anajua hapa pana biashara. Mimi nauza vifaa vya simu na kamera mtandaoni, kwa hiyo maswali ya droni napata kila wiki. Zamani ilikuwa "bei gani?" Sasa limeingia swali jipya: "Nikifunga parachuti si naweza kurusha juu ya watu bila wasiwasi?"

Jibu fupi ni kwamba parachuti ni kifaa kizuri, ila hakifanyi hayo peke yake. Jibu refu ndo hili hapa, na nakuomba ulisome kabla hujaagiza mzigo au hujamlipa mpiga picha.

Tuanze na kwa nini droni inaanguka. Droni nyingi tunazoziona mtaani zina mota nne. Ndege ya abiria ikizima injini bado ina mabawa, inaweza kuteleza hewani mpaka ipate pa kutua. Droni ya mota nne haina bawa. Kinachoishikilia juu ni yale mapanga yanayozunguka, basi. Mota moja ikifa, au panga likikatika, au betri ikikata ghafla, inapinduka na kushuka kama jiwe. Zile za mota sita au nane zina nafuu, nyingi zinaweza kuvumilia mota moja kuzima, lakini betri ikikata hata zenyewe zinashuka. Halafu kuna mambo ya kwetu: kunguru na mwewe wanaoona droni kama adui, nyaya za umeme, upepo wa jioni wa baharini.

Wala usifikiri hili linawakuta wapiga picha wa harusi tu. Desemba 2015, kule Madonna di Campiglio nchini Italia, bingwa wa kuteleza kwenye theluji Marcel Hirscher alikuwa katikati ya mashindano, televisheni zinaonesha moja kwa moja, droni kubwa ya kamera ikaanguka nyuma yake kabisa. Hatua chache tu zilimwokoa. Wale walikuwa watu wa kazi, wana vifaa vya bei mbaya. Shirikisho la mchezo huo likazipiga marufuku droni za kamera kwenye mashindano yake baada ya pale. Na Desemba 2024, mjini Orlando, Marekani, kwenye maonyesho ya sikukuu, droni kadhaa za taa zilianguka na mtoto wa miaka 7 akaumia vibaya. Familia ilikwenda kuangalia taa.

Sasa tupige hesabu, maana sisi ni watu wa hesabu.

Chukua droni ya kilo 1 ikiwa juu mita 30. Hiyo ni kama ghorofa ya kumi. Ikizima, inafika chini kwa sekunde mbili na nusu hivi. Ukiacha ule msuguano wa hewa, inagonga ikiwa na mwendo wa kama kilomita 87 kwa saa, na nguvu ya mgongano ni karibu jouli 294. Usihangaike na neno jouli. Fikiria mtu aiachie pakiti ya sukari ya kilo moja kutoka ghorofa ya kumi, na wewe umesimama chini unachagua viatu.

Parachuti ikifunguka vizuri, droni ileile inashuka kwa mwendo wa kama mita 5 kwa sekunde. Nguvu ya mgongano inakuwa jouli 12 na nusu. Ni kama ile pakiti ya sukari imedondoka kutoka mita 1.3, yaani juu kidogo ya kaunta ya duka. Utaumia? Ndiyo, ikikupata kichwani utaisikia. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya kuvimba na kuzikwa, na tofauti hiyo ndiyo bidhaa yenyewe inayouzwa.

Wazo si geni. Ndege ndogo za Cirrus za Marekani zinabeba parachuti ya ndege nzima tangu miaka ya mwisho ya 1990: injini ikigoma, rubani anavuta mpini, ndege yote inashuka ikining'inia. Kwa droni wamepunguza ukubwa wakaondoa mpini, maana hakuna mtu ndani wa kuuvuta.

Na hapa ndo penye ufundi ambao wauzaji wengi hawauelezi. Watu wanadhani parachuti ya droni ni kitambaa na kamba. Kitambaa ndiyo sehemu rahisi. Mfumo kamili una mambo matatu yanayofanya kazi pamoja.

La kwanza ni kujua kwamba droni inaanguka. Unakumbuka tumesema mita 30 ni sekunde mbili na nusu? Katika sekunde ya kwanza droni imeshashuka karibu mita 5. Sekunde ya pili ikiisha imeshashuka karibu mita 20. Binadamu mwenye rimoti anahitaji ashtuke, aelewe, atafute kitufe, abonyeze. Akimaliza, droni iko kwenye vichwa vya watu. Ndo maana mfumo mzuri una sensa zake wenyewe zinazopima mwendo na kulala kwa droni, na unajifyatua wenyewe. Muhimu zaidi, una betri yake. Kama parachuti inakula umeme kutoka betri ya droni, na kilichozima ndiyo hiyo betri, umenunua pambo.

La pili ni kuzima mota. Hili watu hawalijui kabisa. Droni ikipinduka huku mota nyingine tatu bado zinazunguka, kamba za parachuti zinajizungusha kwenye mapanga na kitambaa hakifunguki. Kwa hiyo kabla ya kurusha kitambaa, au wakati huohuo, mfumo lazima ukate mota zote. Ina faida nyingine pia: panga linalozunguka linakata. Mwimbaji Enrique Iglesias mwaka 2015, kwenye onesho lake kule Tijuana, Mexico, alishika droni kwa mkono jukwaani kama alivyozoea, mapanga yakamkata vidole, akahitaji upasuaji. Sasa waza droni inayoshuka polepole na parachuti nzuri kabisa lakini mapanga bado yanavuma, inatua katikati ya wateja wako.

La tatu ni kurusha kitambaa mbali na droni, haraka. Ukikiachia tu kitoke chenyewe kama mwavuli wa kawaida, unapoteza zile sekunde. Wengine wanatumia springi kali, wengine mtungi mdogo wa gesi iliyoshindiliwa, wengine baruti kidogo. Kisha mifumo mingi inapiga king'ora ili walio chini watazame juu na kusogea.

Kutokana na hayo kuna kitu kinachoitwa urefu wa chini wa kufunguka. Kila mfumo una wake, na mtengenezaji makini anaiandika namba hiyo wazi. Chini ya urefu huo parachuti haina muda wa kujaa hewa. Na hebu fikiria video za biashara zetu: mpiga picha anashusha droni mita 6, mita 8, aone sura za watu na bei kwenye vibao. Pale parachuti inaweza isiwe na msaada wowote. Yaani sehemu ile droni iko karibu kabisa na watu ndiyo sehemu parachuti ni dhaifu. Mimi naona hili ndilo jambo kubwa kuliko yote kwenye somo la leo, kwa hiyo kama unasoma haraka haraka, hili usiliruke.

Upande wa pili, juu sana nako kuna tabia yake. Droni ikifungua parachuti mita 60 na kushuka mita 5 kwa sekunde, inakaa hewani sekunde 12. Upepo wa mita 5 kwa sekunde, ambao ufukweni ni kitu cha kawaida, utaisukuma mita 60 kutoka pale ilipozimika. Umeizuia isimwangukie mteja, sasa inakwenda barabarani kwenye bodaboda. Anayerusha anatakiwa aangalie eneo lote ambalo droni inaweza kupeperushwa, siyo lile lililo chini yake tu.

Je, parachuti yenyewe inaweza kufeli? Inaweza, na mfano bora uko Uswisi. Shirika la posta la nchi hiyo, pamoja na kampuni ya Matternet, lilianza mwaka 2017 kusafirisha sampuli za maabara kwa droni kati ya hospitali za Lugano. Kila droni ilikuwa na parachuti ya dharura. Januari 2019, mjini Zurich, droni moja ikapata hitilafu kwenye kifaa cha GPS, parachuti ikafunguka kama ilivyopangwa, droni ikatua ziwani. Hakuna aliyeumia. Ungesema mfumo umefaulu.

Mei mwaka huohuo, Zurich tena, droni nyingine ikaingia kwenye dharura. Parachuti ikafyatuka. Lakini kamba iliyounganisha parachuti na droni ikakatika, kitambaa kikabaki hewani, droni ikaporomoka kwenye miti mita 50 hivi kutoka walipokuwa watoto wa chekechea. Safari zikasimamishwa. Waliporudi angani mwaka 2020, kamba ilikuwa imeimarishwa kwa chuma, na inashikwa sehemu mbili za droni badala ya moja.

Angalia vizuri kilichotokea. Sensa zilifanya kazi. Kitambaa kilitoka. Kamba ndiyo ikakatika. Ndo maana ukiniambia "bosi, hii parachuti nimeijaribu nyumbani imefunguka", nitakuuliza: umeijaribu mara ngapi, na droni ikiwa inazunguka vipi?

Kwa sababu hizi, mwaka 2018 shirika la viwango la Marekani, ASTM, lilitoa kiwango maalumu cha parachuti za droni ndogo. Kinaitwa F3322. Kinataka mfumo ujaribiwe hewani mara nyingi, si mara moja wala mbili bali mara 45, katika aina tofauti za hitilafu: mota zote zikizima, mota moja ikizima, droni ikiwa imetulia, droni ikiwa kwenye mwendo. Jambo la kuzingatia ni kwamba majaribio ni ya parachuti hiyo kwenye droni hiyo. Parachuti iliyofaulu kwenye Phantom haijafaulu kwenye droni yako ya aina nyingine eti kwa sababu gundi inashika.

Juni 2019, mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, ilitoa kwa mara ya kwanza ruhusa ya kurusha droni juu ya watu kwa kutegemea parachuti iliyofuata kiwango hicho. Aliyepewa ni kampuni ya ujenzi ya Hensel Phelps, droni ilikuwa Phantom 4, parachuti ya ParaZero kutoka Israel. Ona: ruhusa ilitolewa kwa kampuni fulani, kwa droni fulani, kwa kazi fulani. Haikuwa "yeyote mwenye parachuti apite".

Tangu Aprili 2021 Wamarekani wana kanuni inayogawa droni kwa makundi kufuatana na madhara zinazoweza kuleta. Kundi la kwanza ni zile zenye uzito wa gramu 250 kushuka chini, na mapanga yasiweze kukata ngozi. La pili ni zile ambazo mgongano wake hauzidi madhara ya kama jouli 15. La tatu kama jouli 34, na hizo haziruhusiwi kabisa juu ya mkusanyiko wa watu wa wazi. Rudi kwenye hesabu yetu: kilo 1 bila parachuti, jouli 294. Na parachuti, 12 na nusu. Sasa unaona kwa nini watengenezaji wanahangaika na kitambaa.

Kwetu je? Tanzania ina kanuni zake za droni za 2018 chini ya TCAA, Kenya ina zake za 2020 chini ya KCAA. Kote kuwili, kurusha droni kwa kazi ya biashara ni jambo la usajili na kibali. Parachuti haiwi kibali. Inaweza kukusaidia kwenye maombi, ukionesha kwamba umefikiria usalama wa watu, lakini ukimwambia afisa "nina parachuti" bila karatasi, droni itabebwa na parachuti yake.

Kuna kitu kingine kinachowachanganya watu. Wengi wameona video za Zipline wa Rwanda, ambao tangu 2016 wanapeleka damu hospitalini kwa droni, kifurushi kikishuka na parachuti. Hiyo parachuti ya kifurushi, ya karatasi, si hii tunayoongelea. Ile kazi yake ni kushusha mzigo salama kila siku. Ndege yao yenyewe ina parachuti nyingine, ya dharura, ya kuishusha nzima mambo yakiharibika. Kwa hiyo mdau ukikutana na tangazo la "parachuti ya droni" mtandaoni, soma vizuri. Nyingine zinazouzwa ni vifaa vya kuangushia zawadi, maputo na maua. Nimeshaona mtu akitaka kuiuza ile kama kifaa cha usalama. Usimfuate.

Haya, pesa sasa.

Kama wewe ni muuzaji na unafikiria kuagiza, ujue hiki si kifaa cha kuweka stoo vipande hamsini. Bei ya mfumo kamili wakati mwingine inakaribia bei ya droni ndogo yenyewe, kwa hiyo wateja ni wachache na wanajua wanachotaka: wapima ardhi, wajenzi, vituo vya televisheni. Agiza kwa oda. Majina ya kuanzia kutafuta ni ParaZero, AVSS wa Kanada, na Drone Rescue Systems wa Austria. Kabla hujalipa usafiri, muulize mtengenezaji parachuti inafyatuliwa na nini. Ikiwa ni gesi iliyoshindiliwa au baruti, kwenye ndege huo ni mzigo wa hatari, unataka karatasi zake, na wakala wa mizigo akiufungua bila karatasi utakaa hapo. Ya springi ina nafuu, ila betri ya lithiamu ya ndani nayo itangaze. Kwenye tangazo lako andika aina ya droni inayofaa, uzito wa juu, na urefu wa chini wa kufunguka. Ukikosa moja kati ya hayo, usiweke tangazo. Mteja akinunua kwako kitu cha kulinda vichwa vya watu na kikagoma, hiyo si rejesho la bidhaa la kawaida.

Kama wewe ni mteja unayekodi mpiga picha wa droni kwa ajili ya tukio lako, una maswali machache ya kumuuliza, na muulize kwa maandishi, WhatsApp inatosha. Kibali kiko wapi? Droni ina uzito gani? Parachuti ipo, na ni ya droni hiyohiyo? Utarukia wapi ili watu wasiwe chini? Bima unayo? Fundi wa kweli hatakasirika. Atakayekujibu "wewe tulia, mimi nafanya hii kazi miaka mingi" nakushauri uendelee kutafuta.

Binafsi, kwa tukio dogo la biashara, watu mia moja au mia mbili uwanjani, ningechagua droni ya chini ya gramu 250 yenye kinga za mapanga, irushwe pembeni ya watu na kamera iinamishwe kuwaelekea. Picha inatoka ileile. Ukirusha mita 20 pembeni na mita 20 juu, mteja wako kwenye video hatajua tofauti, na droni ikizima inaangukia nyasi. Parachuti naiona ni ya kazi ambazo huwezi kukwepa kupita juu ya watu: barabara, mji, eneo la ujenzi lenye vibarua. Pia kumbuka kwa droni ndogo inaongeza gramu 100 hadi 200, muda wa kuruka unapungua, na upepo unaisumbua zaidi.

Kwa wanaonunua iliyotumika, swali la kwanza ni tarehe ya mwisho ya kukunjwa. Kitambaa kilichokaa kimekunjwa muda mrefu kwenye joto na unyevu wa pwani kinashikana, na kila mtengenezaji anaandika baada ya muda gani kikunjwe upya au kirudishwe kwake. Swali la pili: imeshawahi kufyatuka? Kama ndiyo, nani aliirudisha, na mtungi au springi ilibadilishwa? Akikutumia picha ya kitambaa tu bila kasha na kamba, mwombe picha ya pale kamba inapofungwa kwenye droni. Itazame hiyo kabla ya kutuma pesa.